Swali la Kamba

Vumbi la mnadani likianza kuua, huanza na kipanya. Simsemi panya wa ghalani, yule alishapatana na vumbi zamani. Nasema kile kipanya cha kompyuta, cha kusukuma mezani. Unakileta asubuhi kikiwa kipya, mchana kimeshachechemea: wewe unakivuta kulia, mshale kwenye kioo unapanda juu. Niliwahi kununua viwili kwa mpigo, kwa bei niliyoipigania mpaka muuzaji akaniuliza kama nina watoto wa kulisha au nina ugomvi naye binafsi. Vyote vikafa. Nilivihesabu, nikarudia kuvihesabu. Vilikuwa viwili kweli, na vyote vilikuwa maiti.

Wakati huo nilikuwa karani wa meza katika mnada wa ng'ombe nje ya mji wa Dodoma, upande ambao treni ikipita ng'ombe hawainui hata kichwa. Kabla ya ukarani nilikuwa dalali palepale kwa miaka mingi, nasimama kati ya mwenye ng'ombe na mwenye lori, navuta huku na huku. Udalali ndio ulionifundisha kuhesabu kila kitu mara mbili: ya kwanza kwa ajili ya yule anayekutazama, ya pili kwa ajili yako. Wasimamizi walipoleta mfumo wa kompyuta walitaka mtu wa kukaa mezani ambaye hababaishwi. Nilisikia baadaye hoja iliyonipitisha: mtu anayegombania bei ya chumvi hawezi kuachia ng'ombe apite hivihivi.

Mfumo wenyewe aliutengeneza shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alisoma kompyuta chuoni hapahapa Dodoma, na aliyempeleka kwa wasimamizi ni mimi. Nilisema, "Huyu ni wa kwetu, namjua." Kwa dalali, "namjua" ni neno la kuweka dhamana. Ukilisema, ng'ombe akianguka njiani wanakuja kwako.

Sasa, kwa asiyeujua mnada wetu, inabidi nieleze jambo moja. Bei ikishakubaliwa, ng'ombe bado hajauzwa. Watu wamepeana mikono, dalali ameanza kutazama upande wa nyama choma, lakini shingoni mwa ng'ombe bado kuna kamba ya mwenyewe. Mwenyewe humzunguka mnyama wake mara ya mwisho. Humshika nundu, humpapasa ubavu, wengine humwambia sikioni maneno ambayo si ya kuuliza. Halafu huvua kamba yake, huikunja, huenda nayo nyumbani, kwa sababu kamba haiuzwi, itafunga mwingine. Mnunuzi hufunga ya kwake. Hapo ndipo biashara imekwisha. Kabla ya hapo mwenyewe akisema "sivui," hakuna wa kumuuliza kwa nini. Mnunuzi atatema mate pembeni, atasema hata hivyo ng'ombe huyo ana mguu mbovu, na atahamia kwa mwingine.

Shemeji alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Baba yake alikuwa na ng'ombe. Kamba amezikunja tangu utotoni.

Basi siku kipanya cha mwisho kilipokata roho, nilimvuta shemeji kwenye banda la nyama, nikamkalisha mbele ya sahani ya mbavu na ugali, nikaanza.

"Nataka vitufe," nikamwambia. "Kipanya nimeshindwana nacho. Kazi yote niifanye kwa vidole, nisiguse kitu kingine."

"Njia za mkato," akasema, akiwa na mfupa mdomoni.

"Ziite utakavyo. Nataka kumi."

"Kumi za nini, shem? Nakupa tatu."

"Tatu wanapewa wageni. Nane."

"Kila kimoja ni kazi, shem. Nitakesha."

"Utalala ukifa. Saba, na huu ubavu ni wako."

Tuliishia kwenye tano, nami nikajiona nimeshinda, maana tangu mwanzo nilikuwa nahitaji nne. Cha kufungua fomu mpya, cha kutafuta muuzaji aliyeandikishwa, cha kurudi nyuma, cha kuchapa tena kibali cha kusafirisha kikitoka kibovu. Nilipotaka W iwe ya wauzaji, pamoja na kile kitufe cha kudhibiti, alitikisa kichwa.

"Hiyo ina mwenyewe."

"Nani?"

"Brauza. Ukiibonyeza ukurasa mzima unafungwa."

"Kumbe hata herufi zina madalali," nikasema, akacheka mpaka akapaliwa. Nilimpenda sana siku ile. Ni vizuri niliandike hilo.

Kilichotukalisha muda mrefu ni kitufe cha tano. Nilitaka cha kutengua: nikikosea kufunga mauzo, niweze kuyafungua. Yeye akasema cha kutengua ni hatari, watu watasema karani anarudisha ng'ombe wa ndugu zake. Nikamwambia basi tubadilishane. Nikiacha cha kutengua, yeye aniwekee swali. Nikishaandika bei na kubonyeza Enta, mfumo usifunge. Usimame, uulize: Kamba imevuliwa? Na kujibu ndiyo isiwe kwa kidole kimoja kilichoteleza. Iwe vitufe viwili kwa pamoja, kimoja pembe hii ya kibodi, kingine pembe ile, mtu ashughulishe mikono yote miwili kama anavyovua kamba yenyewe.

Alinitazama kidogo. "Hiyo nzuri, shem. Kweli kabisa. Ukiwa na swali la kamba, cha kutengua utakifanyia nini?"

"Basi tumekubaliana?"

"Tumekubaliana." Tukapeana mikono ya mafuta. Nimeuza na kununua maisha yangu yote, na ule mkono niliuhesabu kati ya mabadilishano yangu mazuri.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. M ilikuwa ya fomu mpya, lakini shemeji alisahau kuuambia mfumo kwamba mtu akiwa anaandika jina, M ni herufi tu. Nikiandika jina lenye M, fomu mpya inaruka juu ya ile ya kwanza. Na huku kwetu jina lisilo na M ni la mgeni. Mzee mmoja nilimfungulia fomu nyingi kuliko ng'ombe aliokuwa nao. Aliniuliza, "Karani, naandikishwa mnada au jeshi?" Shemeji alikuja na pikipiki, akakaa kwenye kiti changu, akarekebisha watu wakisubiri, akashangiliwa kama mpiga penalti.

Baada ya hapo kazi ikawa tamu. Vidole vilijua njia, macho yakabaki huru kuwatazama watu, na mimi riziki yangu imetoka kwenye kuwatazama watu. Muuzaji anataja, mnunuzi anakubali, naandika, Enta, swali linatokea. Namtazama mwenyewe kule zizini, anazunguka, anapapasa. Anavua. Nanyoosha mikono, pembe na pembe. Kibali kinatoka kwenye kimashine. Wauzaji, ambao wengi Kiswahili wamekikuta shuleni au mnadani, walikuja kulijua lile swali kwa umbo lake. Walikuwa wananyoosha kidole kwenye kioo: "Bado linauliza?" "Bado." "Basi liache liulize." Na mimi nilikuwa nimewapa neno, kila mmoja aliyenijia: mezani kwangu ng'ombe hauzwi kabla kamba haijavuliwa, mashine au si mashine. Ndiyo sababu walipanga foleni kwangu na kuiacha meza ya pili ikipepewa na upepo.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa halipendi lile swali. Alikuwa mnunuzi mkubwa, mwenye malori, mwenye miwani ya jua ambayo hakuivua hata kivulini. "Karani, hilo swali lako linanichelewesha," alikuwa akisema. "Ng'ombe wanakonda hapa wakisubiri mtu aage."

"Wakikonda utapunguza bei, bosi. Unalalamika nini?"

Alicheka. Nami nikahesabu kile kicheko kuwa mwisho wa jambo. Hapo nilihesabu mara moja tu.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo. Alikuja mama mjane kutoka upande wa Mvumi. Tulijuana tangu nilipokuwa dalali wa marehemu mumewe, na mume alipofariki, yeye hakutafuta dalali mwingine. Alileta ng'ombe jike, mweusi mwenye baka jeupe pajani. Hakuwa amezaa kwa muda mrefu, na nyumbani walishaamua kuwa ni tasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa." Yeye huitikia kwa Kiswahili kwa heshima yangu, kisha huamkia kwa Kigogo kwa raha yake. "Nimemleta huyu. Nakuletea wewe."

Mwenye malori akamtaka. Walibishana kidogo, nikasaidia kidogo upande wa mama, kama mtu anavyosogeza mzani kwa kidole bila kuugusa. Wakakubaliana. Mama akaenda zizini kumzunguka ng'ombe wake. Mimi nikaandika jina, nikaandika bei, nikaitazama mara ya pili, nikabonyeza Enta, na macho nikayapeleka zizini kama kawaida.

Kimashine kikalia pale pale. Kibali kilikuwa kinatoka.

Nikageuka. Kwenye kioo palikuwa na rangi ya kijani na maneno mawili: Mauzo yamefungwa. Swali halikuwepo. Nilifikiri nimelipita. Nikabonyeza kitufe cha kurudi nyuma, nikakuta yaleyale ya kijani. Cha kutengua sikuwa nacho. Nilikibadilisha mwenyewe, kwa mbavu za ng'ombe.

Na zizini, wakati huohuo, mama alikuwa ameweka kiganja ubavuni mwa ng'ombe, chini, karibu na kiwele. Akakiondoa, akakirudisha. Kisha akaweka na sikio. Akainuka akiwa amebadilika uso.

"Ana kitu humu!" akasema kwa sauti. "Kinapiga! Ana ndama huyu, njooni mshike!"

Watu wakasogea, wakashika, wakaguna. Mmoja akasema, "Tasa gani huyu, mama? Alikuwa anakuficha." Kila mtu akacheka, na mama alicheka kuliko wote. Akaishika kamba yake pale shingoni, akaizungusha mkononi mara moja.

"Sivui," akasema.

Kwa mnada wetu, hapo ndipo mnunuzi hutema mate na kuondoka. Mwenye malori hakutema. Alitoa simu mfukoni, akasoma taratibu ujumbe ambao mfumo humtumia mnunuzi mauzo yakifungwa.

"Mama, tulishamaliza."

"Hatujamaliza, baba. Kamba hii hapa."

"Kamba ni yako, chukua. Ng'ombe ni wangu. Ujumbe huu hapa, kibali kile pale. Muulize karani wako."

Wote wakanigeukia. Nimetazamwa na watu wengi kwenye mnada ule, wengi wao wakiwa na nia ya kuniumiza, na sikuwahi kukosa neno.

"Mfumo umekosea," nikasema.

"Haujakosea," akasema mwenye malori, kwa upole kabisa. "Shemeji yako aliniambia tangu juzi. Kuanzia leo hakuna swali la kamba. Wewe hukuambiwa?"

Hukuambiwa. Watu wa bei hukaa siku nzima wakitafutana pa kuchomana, na huyu alinichoma kwa neno moja bila hata kulitafuta. Nikampigia shemeji palepale, nimesimama, mama akiwa amemshika ng'ombe wake hatua chache kutoka mezani.

"Shem, umefanya nini?"

"Aah, umeliona? Nimerahisisha. Ilikuwa hatua ya ziada. Watu walilalamika."

"Watu gani?"

"Watumiaji."

"Mtumiaji ni mimi. Ninayebonyeza ni mimi. Watu gani?"

"Shem, yule bosi anataka mfumo huu kwenye minada mingine. Mingi. Alisema ukiwa na lile swali hauchukui. Ni swali moja tu."

"Tulipeana mkono."

"Najua. Nilikuwa nije nikueleze jioni."

"Ungenieleza jana jioni."

"Jana ungebishana, shem. Nakujua."

Nakujua. Ndilo neno lilelile nililomwekea dhamana. Nilikata simu.

Nikaenda kwa wasimamizi. Wakaniuliza bei ilikubaliwa? Ilikubaliwa. Mama mwenyewe alikubali? Alikubali. Mfumo umefunga? Umefunga. "Sasa tatizo liko wapi?" Mmoja wao, mtu wa hukuhuku, aliyejua vizuri tatizo liko wapi, aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Nikarudi kwa mwenye malori na kazi yangu ya zamani. Nilimbembeleza, nikamtania, nikamtisha kwa jina baya ambalo mnada unaweza kumpa mtu. Nilipomaliza, akakubali kumrudisha ng'ombe. Kwa bei mpya.

"Maana sasa ana mimba," akasema. "Huyo ni ng'ombe na ndama."

Nilimwambia tofauti ningeilipa mimi. Mama alikuwa amesogea, amesikia yote.

"Hapana," akasema. "Sinunui kilicho changu. Na wewe usininunulie."

"Mama, naomba."

Alirudi kwa ng'ombe, akamzunguka mara nyingine, bila haraka, na hakuna aliyethubutu kumharakisha, hata mwenye miwani. Akasema yake sikioni. Akavua kamba. Lakini hakuikunja. Alikuja nayo ikiburuta vumbini mpaka mezani kwangu, akaiweka juu ya kibodi.

"Shika," akasema. "Mimi sikuvua. Umevua wewe."

Akaondoka kuelekea barabarani. Kamba ilikuwa nzito, ya katani iliyokomaa kwa jasho la ng'ombe, na ilikandamiza vitufe. Kwenye kioo herufi moja ikaanza kujiandika, ikajiandika, ikajaza nafasi ya jina la muuzaji mpaka mwisho, na mimi nikaiacha ijiandike.

Shemeji alikuja nyumbani Jumapili, na tikiti maji kubwa la kunituliza. Mke wangu alilipokea, akalipeleka jikoni, na hakulikata. Alikuwa ameshanisikiliza wiki nzima, na yule ni mdogo wake; alikaa katikati yetu akipembua choroko ambazo zilishapembuliwa.

"Nimelirudisha," shemeji akasema. "Swali. Ni mstari mmoja tu, shem, wala sikuufuta, niliuzima. Kwa minada yake limezimwa, kwako linawaka. Unaona? Kila mtu kapata."

"Mama yule kapata nini?"

Akatazama mikono yake. "Ile ilikuwa bahati mbaya."

"Ungekuwa ng'ombe wa baba yako?"

"Baba yangu hana ng'ombe tena."

"Najua. Wa mwisho nilimuuza mimi. Alizunguka mpaka jua likageuka, nami nikasubiri. Wewe ulikuwepo."

Mke wangu aliinuka na ungo wake, akatoka nje. Shemeji akaaga. Tikiti liliozea jikoni, jambo ambalo kwa nyumba yangu, inayohesabu hata maganda, majirani wangelizungumza kama wangelijua.

Alisema kweli, swali limerudi. Mnada uliofuata niliandika bei ya kwanza, nikabonyeza Enta, na likatokea pale pale lilipokuwa zamani: Kamba imevuliwa? Nikainua macho kutazama zizini. Muuzaji hakuwa zizini. Alikuwa amesimama mbele yangu, kamba imekunjwa kwapani.

"Ulishavua?"

"Nilivua kabla sijaja kwako," akasema. "Siku hizi tunamaliza huko kwanza."

Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa kwenye meza nyingine. Nikajibu ndiyo, pembe na pembe, mikono yote miwili. Vitufe vyangu vyote vitano vinafanya kazi. Niliombea kasi, kasi ninayo, na sasa nina muda mwingi sana wa kukaa.

Kamba ya mama niliitundika kwenye nguzo ya banda, mahali atakapoiona akiingia. Ilikaa mpaka ikapauka. Nilijiwekea maneno ya kumwambia akija, nikayapanga, nikayapanga upya.

Alikuja mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza kunukia. Hakuja na mnyama. Alipita kati ya watu moja kwa moja mpaka mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanyoosha mkono kwenye nguzo. "Nimefuata kamba yangu. Kuna mtamba, jike ambaye bado hajazaa, nataka kumfunga."

Niliitundua, nikaikung'uta vumbi, nikaikunja vizuri. Mizunguko yake niliihesabu, nikairudia, ili isiondoke mkononi mwangu haraka. Nikampa kwa mikono miwili. Aliipokea, akaifungua yote, akaikunja upya kwa namna yake.

Nikamwuliza tu, "Mtamba mzuri?"

"Mzuri," akasema. Akaiweka kamba begani. "Asante, karani."